Nilimtobolea Mke Wangu Mbao Sentimita Nne Mbele

Mpendwa mshauri wa ukurasa wa nne,

Leo naomba msaada mimi ambaye kwa kawaida ndiye huombwa, maana katika bonde hili hakuna aliyeteleza juu ya theluji bila mbao zake kupita mikononi mwangu, nimefunga vifungio vya kushikia viatu kwenye mbao, vya Waaustria, vya Wanorwe, na vya Mmarekani mmoja mwenye viatu vikubwa kama mitumbwi, na ingawa shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, mimi ubao wa kutelezea nikiubonyeza mara moja juu ya goti nakwambia uzito wa mtu anayeufaa na chakula alichokula jana. Nisikilize basi, na usicheke kabla sijamaliza.

Mwanzoni mwa mwaka 1996 nilirudi kutoka milima ya Utah, nilikokaa majira mawili ya baridi nikipaka nta mbao za watu na kujifunza matusi yao, nikaja na jozi mbili za mbao pana, za kwanza kuonekana hapa kwetu, na Onodera, mwendesha lifti ya kupandisha watu mlimani, aliponiona nashuka nazo kwenye basi akapiga kelele mbele ya watu wote, "Fundi, hizo ni za kutelezea au ni makasia? Bahari iko upande ule!" Wakacheka, na mimi nikawacheka kwa kucheka kwao, maana wakati huo kila mtu hapa aliteleza kwa mbao nyembamba kama tambi, theluji mpya ikijaa hadi kiunoni walizama kama vijiti kwenye uji, na mimi peke yangu nilikuwa nimeona kule Utah jinsi ubao mpana unavyoelea.

Lakini aliyekuwa bora kuliko wote mlimani, naandika hili kwa uchungu, hakuwa mimi. Alikuwa Fumie, tarishi mpya wa posta, mdogo, mwepesi, aliyekuwa akishuka kutoka nyumba za juu na mkoba wa barua mgongoni kabla chai yangu haijapoa, na siku ya kwanza niliyojaribu kumfuata alisimama chini, hata hahemi, akaniita, "Kaka fundi, nikusubiri, au nikuandikie barua?" Nilimpenda siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo nilimwonea wivu, na vyote viwili vikakaa kwenye benchi moja wala havikugombana.

Sasa jozi zile hazikufanana. Moja ilikuwa laini, pua yake ukiibonyeza inakubali kama andazi la mvuke. Ya pili ilikuwa kavu, ngumu toka pua hadi mkia, ya mwanamume mzito anayerukia kutoka majabali. Kila fundi anajua, na wewe mshauri ujue leo bure: mtu mwepesi kwenye theluji ya unga, ile mpya isiyoshindiliwa, mpe pua laini, itajipinda kwenda juu na kumwelesha, na mtu mzito mpe ngumu, isije ikakunjika chini yake kama kitanda kibovu. Na vifungio viweke nyuma kidogo ya katikati, pale kiwanda kilipochora mstari, ili mbele ibaki ndefu na pua ipande. Ukivisogeza mbele ya mstari, ubao unageuka upesi kama kisigino cha mcheza ngoma, raha tupu kwenye theluji iliyoshindiliwa, lakini kwenye unga mwingi pua inazama, na mwenye pua anaifuata.

Hayo yote niliyajua. Mimi wa kilo themanini na saba nikachukua laini. Fumie wa kilo arobaini na nane nikampa kavu. Kisha nikashika keekee, nikatafuta mstari wa kiwanda, na nikatoboa sentimita nne mbele yake.

Sikutaka aumie, naapa kwa mikono hii. Nilitaka azame mara moja tu, ili nimpite mara moja tu, halafu nirudi nimwinue.

Tukaenda Mteremko wa Mibetula, ile miti ya magome meupe, tarehe kumi na sita Februari, theluji ikiwa bado inaanguka, akageuka mara tatu vizuri mno hata nikaogopa hesabu yangu imekosea, mara pua zikapiga mbizi na Fumie akaruka mzima mzima akapotea, ikabaki glovu moja juu. Nilichimba kama mbwa. Uso wake ulipotoka, kope zimejaa theluji, alikuwa anacheka, akasema, "Umefika mwenyewe. Basi barua siandiki tena." Tukala supu ya tambi ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, pale chini ya lifti, yeye akila kwa mkono mmoja, maana ile glovu ilikuwa imepotelea kwenye theluji nilipokuwa nachimba, na mkono wa pili ulikuwa mfukoni mwangu. Mwaka uliofuata tukaoana. Mshauri, nimetembea dunia, nimekula vya wenye nacho na vya wasio nacho, supu kama ile sijaiona tena, ingawa kila tarehe kumi na sita Februari tunarudi kuila hapo hapo.

Lakini alizama tena wiki iliyofuata, na tena, na mara ya kumi. Kila mara nilijiambia Jumatatu nitavihamisha vile vifungio, lakini kuhamisha maana yake ni kuziba matundu ya zamani kwa vijiti na gundi na kutoboa mapya, na matundu yaliyozibwa huonekana kama makovu ya ndui, angeuliza tu. Msimu ulipokwisha akazitundika ukutani akasema, "Mwili wangu mimi si wa unga. Unga ni wako." Na tangu siku hiyo, miaka ishirini na tisa, theluji kubwa ikianguka mimi huondoka na akina Onodera, yeye hubaki kwenye njia zilizoshindiliwa, au hukaa dukani na birika juu ya jiko la mafuta, na tunaporudi na theluji hadi masikioni hutuuliza, "Leo ilikuwaje?" nasi humsimulia, naye husikiliza mpaka mwisho.

Sasa mwezi wa tatu anastaafu posta. Juzi akiosha mabakuli akaniambia, "Baba Mihiro, natua mkoba. Kabla magoti hayajanikataa nataka kushuka pale pale, siku ile ile, mara moja tu. Nikizama utanichimbua, si umezoea? Zishushe mbao zangu." Tarehe kumi na sita ni Jumapili.

Binti yetu Mihiro, ambaye ni fundi mwenzangu na amenizidi, na sentensi hii siiandiki mara ya pili, akazilaza kwenye benchi na kuvuta tepu.

"Baba, hizi nani alizitoboa?"

"Fundi mmoja mlevi wa zamani."

"Mlevi gani huyu? Matundu manane kila ubao, hakuna lililopinda hata unywele. Huyu alikuwa mzima kabisa, Baba. Alijua anachofanya."

Nikamwambia birika linachemka. Halikuwa hata na maji.

Nikiziacha kama zilivyo, Fumie atazama, naye ana miaka sitini, kuzama si kicheko tena. Nikivihamisha vifungio kimya kimya, Mihiro ameshaona. Nikisema, mke wangu atajua kwamba kuanguka kule kulikotuanzishia nyumba yetu nilikupima mimi kwa tepu. Hiyo ni ndoa kweli, au ni ujanja wa keekee? Nimeshindwa kula, mshauri, na mimi si mtu wa kushindwa kula. Niseme au ninyamaze?

Fundi Asiyejulikana

*

Fundi Asiyejulikana,

Bonde hili lina fundi wa mbao mmoja na binti yake. Umeficha jina lako, halafu ukataja la mkeo, la binti yako na la Onodera. Toka nyuma ya huo mti, ni mwembamba kuliko wewe.

Uliniomba nisicheke kabla hujamaliza. Nilicheka kwenye makasia, nikacheka kwenye kitanda kibovu. Nilipofika pale Fumie anapouliza "Leo ilikuwaje?" nikaacha kucheka, na sikurudia.

Unauliza kama ndoa yako ni ndoa. Ni ndoa. Acha kujisifu, hata hapo unajisifu: unadhani sentimita zako nne ndizo zilizompata mke. Hakuna mwanamke anayeolewa kwa sababu ameangukia pua. Ulimchimba kwa mikono, akakutazama, akachagua. Kuchagua kulikuwa kwake, na keekee yako haikufika huko.

Na kosa lako si la siku ile. Siku ile ulikuwa kijana mjinga mwenye wivu, na ujinga wa ujana theluji huufunika. Kosa lako ni la Jumatatu, ile uliyosema utavihamisha. Mwanamke aliyewashinda nyinyi wote mlimani aliutazama mwili wake akaona ndio wenye kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye ubao, wewe ulijua, ukamwachia birika. Asubuhi ngapi nyeupe, Bwana? Mimi mwenyewe nimezeeka na magoti yangu yameshakataa, na ningetoa mengi nipate moja tu ya zile zilizopita, nisikie tena kile kimya unachokisikia theluji ikiwa kifuani na mbao hazigusi chini. Wewe ulikuwa nazo za watu wawili, ukazila peke yako. Halafu ukarudi kumsimulia.

Nimekugombeza vya kutosha? Bado kidogo.

Gazeti hili hutoka Ijumaa. Nani hulibeba? Fumie. Nakala ya kwanza hukuachia wewe saa mbili asubuhi, duka lako likiwa la kwanza njiani, kisha huzunguka bonde zima, na saa sita mchana hukaa na chai yake na kuanza na ukurasa wa nne. Ameniambia mwenyewe. Na wewe unalijua hilo, maana unakaa naye meza moja. Mtu anayetaka kunyamaza haandiki siri yake kwenye mkoba wa mkewe. Moyo wako ulishaamua, ulikuwa unatafuta wa kukusukuma tu. Basi nakusukuma. Una mpaka saa sita.

Fanya hivi. Funga duka. Lifuate lile gari jekundu la posta, mkute njiani, usingoje akukute wewe. Usianze na "nilikupenda sana," maana ukianza hapo atakuonea huruma, na huruma hujaistahili bado. Anza na sentimita nne. Mwambie pia mwili wake hauna neno na haujawahi kuwa na neno. Hilo liseme mara mbili. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Usimwite Onodera aje kukutetea, wala usitie utani. Najua itakuuma, utani ndio mkongojo wako.

Kisha mpeleke dukani, na jozi zote mbili zilale kwenye benchi. Zile laini, ulizozikalia miaka yote hii na kilo zako, ni zake, zilikuwa zake tangu mwanzo. Mpe penseli yeye. Mwonyeshe mstari wa kiwanda, na akitaka asogee mbele nusu sentimita ili ageuke upesi kati ya miti, au arudi nyuma aelee zaidi, ni mwili wake na theluji yake, achore mwenyewe. Keekee ashike Mihiro. Wewe shika taa. Matundu ya zamani yazibwe, lakini yasipakwe rangi. Makovu yaonekane.

Zile kavu chukua wewe. Kwa ugumu zinakufaa, mzito kwenye ubao mgumu, umenifundisha mwenyewe bure. (Themanini na saba ilikuwa ya mwaka 1996, tusibishane.) Lakini kwa vile kiatu chako ni kirefu kuliko chake, Mihiro atalazimika kutoboa upya, na katikati ya kiatu chako itakaa pale pale ulipoiweka ya mkeo. Sentimita nne mbele ya mstari. Si tatu na nusu. Atapima.

Jumapili nendeni Mteremko wa Mibetula. Kaeni mbali na mashina ya miti, theluji inayoyazunguka huficha shimo. Kila mmoja awe na filimbi shingoni na koleo mgongoni. Wewe tangulia, yeye abaki juu yako akikuona, maana anayechimba hushuka, hapandi. Utageuka mara tatu, labda nne, utaanza kudhani tepu ya Mihiro imekosea. Halafu pua zitapiga mbizi.

Ukiwa humo ndani, tulia. Ziba mdomo kwa mkono upate nafasi ya pumzi, na sikiliza. Ndivyo palivyo, Fundi. Ndipo alipokuwa mara kumi huku wewe umesimama juu. Utasikia mbao zake zikija, laini, zinaelea, sauti ambayo hujawahi kuisikia kutoka kwake. Atasimama. Na akikuuliza kutoka juu kama akusubiri au akuandikie barua, jibu kwa adabu kwamba utapokea chochote atakachotuma, kisha ungoje. Tarishi yule hajawahi kuchelewa.

Mshauri wa ukurasa wa nne