Maji Mdomoni Kabla ya Vita

Kiganjo,
Thika.
Jumanne, 20 Agosti 2024.

Mpendwa wifi yangu Wangechi,

Hujambo huko Lodwar, na joto je? Natumaini kile kikohozi cha vumbi kimekuachilia, na kwamba zamu za usiku wodini zimepungua. Sisi huku ni wazima. Baridi imeanza kulegea, watoto wako likizoni na wanamaliza mkate kabla haujakatwa. Mami anatembea bila fimbo, ingawa bado anaibeba kwa ajili ya mbuzi wa jirani.

Naandika kwa karatasi kwa sababu habari hii kwa simu ingekatika pale penye utamu.

Uliniambia kwamba hutawaita watu wa kwa kina mchumba wako Gachau waje na mahari kwa ruracio yako ikiwa kaka zako wawili hawasalimiani. Na kweli, tangu Pasaka mume wangu Njau na Chege walikuwa hawazungumzi. Njau aliukata ule mti wa avokado kwa Mami bila kumuuliza mtu, na Chege alipokuja kutoka Mwihoko akakuta kisiki. Aligeukia getini, hata chai hakunywa. Nilijaribu kuwapatanisha mara nyingi, na kila jaribio liko kwenye shajara yangu na neno moja pembeni: bure.

Sasa sikiliza. Vijana wa kanisa walinipa kazi ya kuwatungia mchezo wa kuigiza. Walitaka vita, mikuki na kelele. Mchungaji alikubali, mradi makabila yawe ya kubuni, asije mtu akadai tumemchora. Basi nikabuni Waselu na Wakoru, nikawapa na desturi yao ya kufuata kabla ya kupigana.

Desturi yenyewe ni hii. Kila upande hutuma msemaji mmoja hadi mpakani. Huenda akiwa na maji mdomoni, ili tusi lisitangulie, na wote wawili huyamwaga chini kwa pamoja. Kisha kila mmoja humsifu adui wake mara tatu, na sifa lazima iwe ya kweli. Ndipo ugomvi unapotajwa. Na msemaji yeyote akicheka, vita havipiganwi mpaka mavuno mengine, kwa sababu watu hao wanaamini aliyecheka hawezi kurusha mkuki sawasawa.

Njau alikuwa msemaji wa Waselu. Wa Wakoru alikuwa Simeon, yule fundi wa viatu, lakini Ijumaa aling'olewa jino na maji yakawa hayakai mdomoni. Kamene, katibu wa vijana, akampigia simu Chege, kwa kuwa alisikia ni hodari wa kuigiza tangu shuleni. Mimi hakuniambia, wala hakumwambia Chege atasimama mbele ya nani. Kamene amehamia kwetu juzi tu kutoka Matuu. Hakujua hata kwamba hawa wawili ni ndugu.

Jumapili ikafika. Njau akaingia kwa mlango wa kulia na Chege kwa wa kushoto, wote mashavu yamefura. Walipoonana wakasimama. Wifi, ungeyaona macho yale! Hakuna aliyeweza kusema neno, na kwa vile kanisa zima lilikuwa linawatazama, hakuna aliyeweza kurudi. Wakatembea hadi mpakani, wakamwaga maji.

Njau, kama mkubwa, akaanza na maneno niliyoandika: "Ng'ombe wenu wana pembe nzuri." Chege naye: "Mabonde yenu yana nyasi tamu." Walikuwa wanaongea na ukuta. Zamu ya pili Njau alisema yake vizuri, lakini Chege akasahau, maana maneno alikuwa amepewa asubuhi hiyo.

Akakuna kichwa. "Msemaji wa Waselu, wewe ni jasiri. Nimekuona ukienda kununua maziwa na sweta ya mke wako."

"Hiyo ni sifa kweli?" Njau akauliza.

"Ni ya kweli. Desturi haijasema iwe tamu."

Watu walicheka, wao hawakucheka. Sifa ya tatu, Njau akayaacha maneno yangu kabisa. "Wewe ulilala kwa kiti hospitalini wiki nzima, mama yetu alipovunjika nyonga. Mimi nilikuwa kazini. Sijawahi kukuambia asante."

Mami akainuka kwenye benchi la mbele. "Mama yenu? Kwani mimi niko upande gani wa hivi vita?"

Chege alikaza midomo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Halafu ikaja zamu ya ugomvi. Mimi nilikuwa nimeandika ng'ombe walioibwa, lakini yeye akasema, "Mlikata mti wetu."

"Matunda yalikuwa yanaharibu mabati ya wapangaji."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Halafu ningekuletea msumeno wa maana. Kile kisiki ni kama kilitafunwa na panya, bana!"

"Nilikikata siku mbili," Njau akasema, tena kwa uchungu wa kweli.

Hapo Chege akashindwa. Alicheka mpaka akachuchumaa, na Njau akamfuata. Kamene, aliyekuwa mwamuzi, akainua kibuyu: "Wamecheka! Vita mpaka mavuno mengine!"

Nyuma ya pazia vijana walisimama na ngao zao za maboksi. Muoki, kamanda wao, akatoa kichwa nje. "Na sisi je? Mimi nilipaswa kufa!" Mchungaji akamwambia atakufa Krismasi.

Baadaye Chege alikuja kwa Mami, akanywa chai vikombe viwili, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza siku yako ni lini. Sasa wanabishana ni nani atakayekuwa msemaji wa familia. Jana walipigiana simu mara tatu kwa ajili hiyo na kukatiana mbili. Sijawahi kufurahia kelele kiasi hiki. Waambie watu wa kwa kina Gachau waje.

Mami anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Pokea pia salamu za Mbula, mke wa Chege, na za Wanja wetu, ambaye amepoteza meno mawili ya mbele na anajivunia. Mungu akulinde kazini na akulete nyumbani salama.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama dada,

Mumbi