Jina Lako Kwenye Daftari la Mabadiliko

Cebu, 9 Novemba

Mpendwa Kaka Crisanto,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Goti lake linaendeleaje? Mwambie aache ubishi, asipande kile kilima cha kanisani kwa miguu. Mimi ni mzima wa mwili; ya moyoni utayasoma. Samaki wakavu mliotuma walifika, ofisi nzima ikanuka. Wilmar akauliza kama kisiwa chetu cha Bohol kimehamia huku, kisha akala nusu peke yake, mlafi yule.

Kazi ni ile ile: tunakaa hapa tukiendesha mitandao ya wateja kwa mbali, ukibofya, kitu kinabadilika mji mwingine. Ila Bosi Lumapas ameleta masharti mapya, kila mtu na jina lake na nywila yake. Ile karatasi ya nywila yako, tuliyoitumia sote kwa kuwa jina lako, mkubwa wetu, ndilo lililofungua kila mlango, ameichana mbele yetu, akatuuliza kama na mswaki tunatumia mmoja.

Wiki iliyopita alinipa kazi ya kupitia daftari la mabadiliko la mwaka mzima, lile ambalo mfumo hujiandikia wenyewe: nani kabadili au kafungua nini, lini, kutoka kompyuta ipi. Mabadiliko elfu nne na ushei, Kaka, macho yalinitoka! Alhamisi nikafika tarehe kumi na nne Agosti.

Siku hiyo unaijua. Simu za hospitali ya Mandaue zilikatika dakika arobaini, wauguzi wa wodi ya wazazi wakawa wanapeleka habari kwa kupanda na kushuka ngazi mbio. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Daftari lilionyesha jina lako, Bosi akakuita, na jioni ukabeba kikombe chako ukarudi nyumbani bila kazi. Wilmar alisema eti mzee wewe umechoka macho. Nami nikanyamaza.

Kaka, ni mimi. Nilikuwa nabadili mpangilio wa simu za ghorofa moja, nikachagua jengo zima, nikathibitisha bila kusoma, kisha nikaenda kunywa kahawa ya saa tisa. Nilikuwa nimeingia kwa jina lako kama kawaida yetu. Nilijua kabla jua halijazama kwamba kosa ni langu. Niliogopa. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, kazi uliyoniombea wewe.

Lakini kilichoniliza si hicho. Bosi alitazama jina tu. Mimi nimesoma mpaka mwisho: saa kumi na dakika tano, kabla hujaitwa, mtu aliyeketi kwenye kompyuta yako aliufungua mstari wa badiliko langu na kuona namba ya kompyuta yangu. Ulijua, Kaka. Ukaingia kwa Bosi ukijua, ukaomba radhi.

Leo asubuhi nimempelekea Bosi kurasa zote mbili, wa kosa langu na ule wa saa kumi na dakika tano. Alisoma, akaniuliza nilikuwa wapi miezi hii mitatu. Mimi nasubiri uamuzi wake. Wewe atakupigia Jumatatu. Pokea, usijifanye uko bandani kwa kuku. Kiti chako bado kitupu. Rudi na kikombe.

Msalimie Mama, lakini usimwambie lolote. Nitakuja nimwambie mwenyewe.

Mdogo wako, safari hii kwa jina langu,
Analiza