Maziwa Aliyoyangoja Bwana Teague

Ziwa,
S.L.P. 318,
Eldoret.
21 Septemba, 1986.

Mpendwa mpwa wangu Kipkemboi,

Pokea salamu za nyumbani. Je, mguu wako umepona kabisa, na baridi ya huko Amerika inakuruhusu kufanya mazoezi? Sisi hatujambo. Mama yako Jeruto anakohoa kidogo asubuhi, lakini bado anakamua ng'ombe mwenyewe na dada yangu huyo hataki kusaidiwa na mtu.

Mahindi yamekomaa. Mvua ikikatika tutaanza kuyakata mwezi ujao.

Barua yako ilifika Jumanne, pamoja na kipande cha gazeti kuhusu marehemu Bwana Harlan Teague. Nilikisoma mara tatu, kamusi ikiwa kando. Tangu hapo sijaweza kumtazama mtu usoni.

Unakumbuka siku ulipokuja na medali yako, mwaka juzi. Bwana Teague alifuatana nawe kwa kuwa ndiye aliyekuweka nyumbani kwake ulipovunjika mguu. Mimi nilijua tu kwamba ni mzee anayechechemea, aliyewahi kucheza mpira wa Kiamerika, ule usio wa mviringo. Uwanja wa shule ulijaa. Chifu alikuwapo, mwenyekiti wa chama alikuwapo, na mimi, mjomba wako, nilikabidhiwa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuivishwa, nikupokee kama mwanariadha anavyopokewa.

Ulikunywa. Naye akanyoosha mikono yote miwili, kama alivyokuona ukifanya. Nikakiondoa kibuyu. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani kwamba maziwa haya ni ya washindi, si ya watu wazima wanaorushiana mpira. Watu wakacheka. Mke wangu Jepchirchir peke yake ndiye aliyepaza sauti: "Mwalimu, hata mgeni unamsahihisha? Mpe anywe, bwana!" Mgeni akakugeukia, ukamnong'oneza, naye akatabasamu na kujipangusa mikono kwenye suruali. Nilidhani umemweleza nilivyosema, na nikaona nimefanya sawa.

Sasa nimesoma. Alicheza miaka kumi na minne katika nafasi ya yule anayepewa mpira wa kwanza. Watu wakubwa kama maksai humjia mbio wamwangushe, naye hana ruhusa ya kuogopa. Husimama hadi amwone mwenzake aliye mbali, ndipo autupe. Katika fainali moja vidole viwili vya mkono wake wa kutupia vilivunjika. Hakumwambia mtu, wakashinda. Alipopewa mpira ule wa ushindi auweke kwake, aliwapa wenzake waliomkinga, akasema bila wao angalilala chali akitazama mawingu tu siku nzima.

Alipostaafu alirudi katika mji mdogo alikozaliwa, akafundisha vijana miaka ishirini na miwili. Gazeti linasema wanafunzi waliotoka nchi za mbali waliishi kwake mmoja baada ya mwingine, na kwamba wewe ulikuwa wa tisa. Mimi nilifundisha miaka thelathini na mmoja. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kulala nyumbani kwangu.

Haya yote ningaliweza kuyavumilia, kama usingalinieleza ulichomnong'oneza. Ulimwambia kwamba mzee anasema maziwa yake hayajaiva, atayanywa akirudi. Naye akaamini. Umeandika kwamba hata juma lile la mwisho, kitandani, aliwaambia wauguzi kwamba yapo maziwa yake Eldoret, asije akafa kabla ya kuyanywa. Hapo nilivua miwani, sikuendelea hadi kesho yake.

Sikulaumu. Ulitumia uongo kumstiri mgeni wako, na pia kunistiri mimi, ambaye sikustahili.

Unasema mjane wake, Mama Lorna, anataka kuja nawe Desemba ayanywe kwa niaba ya mumewe. Jepchirchir amekwisha kukisugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet, na hataki nikiguse. Lakini siwezi kukubali mjane anyweshwe juu ya uongo. Kabla hajakata tiketi, keti naye umsomee barua hii kwa Kiingereza, yote, pamoja na maneno yale niliyoyasema uwanjani. Safari hii usinilainishie hata neno moja.

Akikataa kuja, ana haki, wala usimbembeleze. Akikubali, mama yako ndiye atakayekishika kibuyu. Nimemwomba chifu awaite watu wale wale waliocheka, katika uwanja ule ule. Nitasimama mbele yao niseme mgeni alikuwa nani na mimi nilimtendea nini, kisha nitamwomba mjane radhi, na nitaketi.

Mama yako anakusalimu sana. Jepchirchir anakusalimu, na binamu yako Kipkorir anauliza kama bado unaamka kukimbia alfajiri. Mfikishie Mama Lorna pole zetu, ukishamaliza kumsomea. Mungu akutunze ugenini kama alivyokutunza chini ya paa la mtu yule.

Nangoja jibu lake, si lako.

Mjomba wako akupendaye, aliyekuaibisha mbele ya watu,
Kiptoo arap Metto