Paa Wangu wa Kwanza na Bismillahi Nisiyoipiga

Jumamosi, mwezi wa Januari, baada ya alasiri. Baridi kavu. Jua lina rangi ya chai nyepesi.

Wewe unayesoma, nakuomba kabla hujaendelea: yasitoke hapa. Usimtumie mtu, usipige picha ukurasa huu, usinukuu hata neno moja. Hasa yasifike ofisini kwetu Nizwa. Mimi ni karani wa viapo. Watu huja dirishani kwangu, huapa kwamba waliyoyaandika ni kweli, nami huwagongea muhuri. Wakijua karani wao alifanya nini jana alfajiri, sijui Jumapili nitawatazama kwa macho gani.

Sikulala vizuri. Leo kila kitu kinanijia kwa mbali, kama sauti za watu unazozisikia umefunga macho garini.

Niseme kwanza jambo moja, kwa sababu mimi ni mtu wa kuogopa sheria. Kumwinda paa wa nyikani huku ni marufuku, na nisingekwenda. Lakini Ami Salum, ndugu wa marehemu baba yangu, anafuga paa katika shamba lake nje ya Ibra, eneo kubwa lenye uzio, na ndani yake vichaka na vilima vya mchanga. Wana karatasi zao zote. Nimezisoma mwenyewe, mara mbili. Kila baridi ikiingia hupunguza madume yaliyozidi, na ukoo wote hukusanyika. Kwetu sisi hayo ndiyo majira ya kuwinda.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya wapya wawili: mimi, mwenye miaka ishirini na minne, na Thuraya, binti wa ami, mwenye kumi na mitano. Mimi nimechelewa kwa sababu nimekuwa nikikwepa. Mwaka juzi nilikuwa na mtihani. Mwaka jana nilisema nina homa, na kwa kuogopa nikaipata kweli.

Alhamisi nilitoka kazini moja kwa moja. Bidbid, pale njia ya Ibra inapoachana na ya Maskati, nilisimama kunywa chai ya karaki na nikakaa nayo mpaka ikapoa. Nilikuwa natafuta sababu ya kurudi Nizwa. Sikuipata, na gari likageuka kulia kana kwamba linaendeshwa na mtu mwingine.

Kuna desturi moja nyumbani kwetu ambayo lazima uijue. Bibi, mama yake ami, alizaliwa Unguja, shamba, na baba yake alikuwa msasi. Alipokuja huku, bado mwanamwali, alikuja na kasha moja na desturi hiyo. Anayepiga mnyama wake wa kwanza haonji nyama mpaka amlishe mkubwa wa nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Mkubwa akishatafuna na kumeza, humwombea dua, ndipo wengine wananawa mikono. Bibi amelishwa hivyo na wanawe wote. Amelishwa na marehemu baba yangu.

Jana alfajiri kulikuwa na ukungu. Huku ndani ukungu hauji mara nyingi, na ukija, ulimwengu unakuwa mdogo kama chumba. Migunga ilisimama bila mashina. Tulilala kifudifudi juu ya mchanga ulio baridi kama sahani, ami katikati, Thuraya kulia, mimi kushoto. Nilisikia saa yangu ya mkononi.

Ami alinong'ona yale aliyokwisha kutuambia usiku: "Bunduki hii ni ya babu yenu, ina tabia ya kizee, hupiga chini. Ukitaka bega, lenga kiganja kimoja juu ya mgongo. Na bismillahi kabla ya kidole. Risasi ikimmaliza kabla hatujafika na kisu, basi hiyo bismillahi ndiyo kisu chako."

Thuraya alianza. Paa walitokea kwenye ukungu mmoja mmoja, miguu kwanza, kama wanachorwa pale pale. Akajiweka sawa, akavuta pumzi, akapiga bismillahi kwa sauti ya muadhini. Paa wote wakainua vichwa. Risasi ilipotoka hapakuwa na hata mmoja.

"Mwanangu," ami alisema, "umewaaga au umewawinda?"

"Wewe ulisema bismillahi lazima!"

"Lazima, ndiyo. Mungu anasikia hata ukinong'ona."

Tulicheka tumeziba midomo. Kwa dakika ile sikuogopa. Kisha ami akanisogezea bunduki.

Tulingoja karibu saa nzima. Wakarudi. Dume moja lilijitenga, likasimama ubavu, likatazama upande wetu bila kutuona. Mvuke ulikuwa ukimtoka puani. Nakumbuka masikio yake, jinsi moja lilivyogeuka peke yake kumsikiliza mtu ambaye hayupo.

Nilikusudia kukosa.

Hilo ndilo la kwanza ninalokiri. Niliamua nipitishe risasi juu ya mgongo wake, apige mbio, ami anitanie, tukanywe kahawa. Na kwa kuwa nilikusudia kukosa, nilinyamaza makusudi. Niliona si adabu kulitaja jina la Mungu juu ya risasi ya uongo. Nilifunga mdomo, nikalenga kiganja kimoja juu ya mgongo, nikavuta.

Woga ulikuwa umenifutia kila alichokisema ami juu ya bunduki ile. Nililenga pale hasa anapolenga mtu anayetaka kuua.

Dume liliinama taratibu kwa magoti ya mbele, kama linataka kunywa. Tulipofika lilikuwa limekwisha kukata roho. Ami alikuwa na kisu mkononi, akaligusa jicho, akakirudisha alani. Akanitazama.

"Ulipiga bismillahi?"

Swali moja. Ningeweza kusema hapana. Angenishika bega, tungelifukia, tungerudi. Lakini shangazi Zuwena alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele kule kwenye magari, na ami alikuwa ameshaanza kutabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la baba yangu.

"Nimepiga, ami."

"Mabruk!" akanikumbatia. Hakuuliza tena. Katika mambo haya Mwislamu husadikiwa kwa neno lake, na neno nililitoa mimi.

Thuraya alinivuta mkono tulipokuwa tukirudi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: "Mimi nilikuwa natazama wewe. Mdomo yako haikutikisika, wallah."

"Nilisema moyoni."

Akanitazama kidogo. "Khalas," akasema, akaenda zake. Huo ukawa uongo wa pili, na haukuwa na ukungu wa kuusingizia, maana jua lilikuwa limekwisha kutoka.

Nyama ilipakwa viungo na siki, ikafungwa kwa majani ya mgomba, ikatiwa kwenye tanuri la chini kwa ajili ya shuwa. Shimo likafunikwa na kusiribwa udongo. Shuwa haifunguliwi siku ile ile. Ilibaki chini mpaka leo adhuhuri, na mimi juu yake. Nilitembea shambani siku nzima ya jana nikihisi joto lake katika nyayo, hata pale ambapo hapakuwa na shimo. Moshi mwembamba ulipenya kwenye udongo, ukanuka karafuu. Kila aliyepita alivuta pumzi akasema mashaallah, kijana ametulisha.

Nilikuwa nawaza vidole vyangu na mdomo wa Bibi.

Leo baada ya sala ya alfajiri nilimkuta barazani, juu ya mswala, funguo zake zimening'inia kiunoni kama siku zote. Bibi ana funguo tisa. Za kasha, za kabati, za nyumba ya Ibra, na nyingine za milango iliyobaki Unguja ambayo sidhani kama ipo tena. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipa nafasi karibu yake. Nikamwambia yote kwa mkupuo, nikiwa nautazama mswala.

Ndege walikuwa wameanza kwenye mitende.

"Ulisahau au uliacha?"

"Niliacha, Bibi."

"Kwa kusudi?"

"Kwa kusudi."

"Na Salum ulimwambia umepiga."

"Ndiyo."

Akazungusha tasbihi mara mbili tatu. "Nenda kalale, baba. Una macho mekundu."

Nilidhani amesamehe na jambo limekwisha. Hivyo ndivyo woga unavyokudanganya: ukimpa mwingine mzigo wako, unalala. Nililala mpaka adhuhuri.

Shimo lilifunguliwa. Harufu ilituinua wote. Sahani kubwa ya wali ikawekwa katikati, nyama ikamwagwa juu yake, ikaanguka yenyewe kutoka kwenye mifupa. Ami akaniita nije nimlishe Bibi. Nikapiga magoti. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kugusa nyama pale Bibi aliposema, bila kupandisha sauti:

"Nyama hii hailiwi."

"Mama, ina nini?"

"Hailiwi, Salum. Iondosheni mwiweke mbali na watu. Msiniulize."

Ami alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Kisha akafanya kama alivyoambiwa, kwa sababu ni mama yake. Nyama ikarudishwa kwenye majani yake. Watu zaidi ya ishirini wakala wali mkavu kwa achari na samaki wa kopo.

Hakunitaja. Hakunitupia hata jicho. Alinisitiri mbele ya ukoo mzima, na sitara yenyewe alijivua yeye.

Maana minong'ono ilianza kabla ya kahawa. Shangazi Zuwena si mtu mbaya, ni mtu wa kupanga mambo. Nilimsikia akimwambia ami: "Juzi kaniuliza chumvi iko wapi mara tatu. Leo haya. Mama ameanza kupotea, kaka. Nizwa kuna daktari wa wazee."

"Mama hajapotea."

"Hajapotea, na nyama ya mtoto wa watu hailiwi kwa sababu gani?"

Jibu nilikuwa nalo mimi, nikalishika mkononi pamoja na kikombe changu.

Kisha shangazi alikwenda akachutama mbele ya Bibi, akasema kwa ile sauti nyororo tunayowasemea watoto: "Mama, nipe funguo nikuwekee. Zisije zikapotea."

Mambo yote yakawa polepole. Niliona vumbi likielea katika mstari wa jua. Niliona vidole vya Bibi vikienda kiunoni na kuanza kukifungua kifundo, fundo moja, fundo la pili, bila kubishana. Angeweza kusema neno moja tu. Alikuwa anampa funguo zote tisa ili neno hilo asiliseme.

Nilisimama. Kahawa ilimwagika juu ya kanzu yangu, na sikuhisi moto wake mpaka baadaye.

"Sikupiga bismillahi," nilisema. "Niliacha kwa kusudi. Nilikusudia kukosa. Nilimdanganya ami. Bibi anajua kwa sababu nilimwambia asubuhi. Hajapotea. Ndiye pekee hapa aliye sawasawa."

Thuraya aliinamisha kichwa. Shangazi alibaki amechutama, mkono wake ungali wazi.

Ami alikuja mpaka mbele yangu. Nilitaka anipige, ingekuwa nafuu.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, ami."

"Nilikuuliza mara moja tu, kwa kuwa sikukuona mtu wa kuulizwa mara mbili."

Akanipita. Akaenda kwa mama yake, akambusu kichwani, akapiga magoti na kumfunga upya lile fundo la funguo, polepole, kwa vidole vyake vinene. Kisha akatoka kwenda kwa paa wake, na mpaka tunaondoka hakurudi barazani.

Bibi ndiye aliyesema twende. Nilimwendesha mpaka nyumbani kwake Ibra. Njiani hakunihubiria. Alitazama milima tu, na mara moja akasema, "Baba yangu pia aliwahi kumkosa mnyama kwa kusudi. Lakini yeye alimkosa kweli." Sijui kama ulikuwa mzaha. Nilicheka, halafu nikaona nalia, naye akanipa ncha ya mtandio wake nifute.

Sasa amelala chumba cha pili. Nasikia maji ya falaji, mfereji wa mashamba, nyuma ya ukuta, yanakwenda bila haraka. Sijui kama ami atanisamehe. Sijui kama nina haki ya kukaa tena nyuma ya dirisha lile na kuwaambia watu waape. Najua tu kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu jana, nimevua viatu na ardhi haina joto.

Nimezima simu, kwa hiyo msinipigie. Ami hasomi blogu hii, lakini Thuraya anaisoma kwa siri, ingawa anadhani sijui. Kwa hiyo, Thuraya, mwambie baba yako: nipo kwa Bibi mpaka kesho asubuhi. Apite mlango wa nyuma, ule wa upande wa mitende, haujafungwa. Asigonge kwa nguvu, Bibi amechoka. Akitaka kunijia kwa hasira na aje hivyo hivyo, sitakimbia. Aniulize lolote analotaka, hata lile la jana, nami nitamjibu kweli, hapo hapo, mara ya kwanza.