Kadi za Fidelino

Jumatano, 3 Januari

Kozi ya wanandoa, ukumbi wa parokia. Joto la kuchemsha yai. Mwalimu, Bi Benigna, katugawia maswali thelathini ya kujua kila mtu hujihisi kupendwa kwa njia ipi. Majibu: mimi kwa maneno. Fidelino, mume wangu wa miaka ishirini na miwili, kwa vitendo. Akauliza kama kuna dawa. Watu wakacheka. Hakuwa anatania.

Njiani nimemwambia ukweli. Dada yangu Nimia ananisubiri Buenos Aires, kazi ya kushona ipo, jibu analitaka Jumapili. Kozi isipoleta kitu, naondoka. Akasema sawa. Sawa!

Ijumaa, 5 Januari

Anajitahidi, sitamsingizia. Kila alfajiri hunitwangia majani ya kutia kwenye tereré, chai yetu ya maji ya barafu — mnanaa tumbo likisumbua, mchaichai nikikosa usingizi. Haniulizi, hunitazama uso tu. Leo kinu kimya. Kanunua majani ya paketi, ili apate nafasi ya kunisifia. Katoa kadi mfukoni, kasoma: wewe ni mwanamke wa thamani. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

Nikanywa. Maji ya barafu yenye vumbi. Miaka yote nimeyalilia maneno, sasa nimeyapata na sisikii chochote. Naona aibu kuandika hivi.

Jumamosi, 6 Januari

Kadi tatu. Moja kaisoma kwa miwani yangu.

Nimempigia Bi Benigna. Kasema nivumilie, inachukua muda. Nikauliza kwake na mumewe inakuwaje. Wametengana tangu Agosti, kasema, lakini wanawasiliana vizuri sana.

Jumapili, 7 Januari

Nimeamua. Naenda. Basi ni saa nane mchana, begi liko mlangoni.

Simu imelia sebuleni — Nimia. Fidelino kaiwahi. Naandika hapa jikoni, bado anaongea.

"Shemeji, usimlaze karibu na dirisha, kifua chake hakitaki upepo. Ngazi pia, goti la kushoto hilo. Akisema hana njaa, we mpakulie tu. Na akifungulia bomba bafuni muda mrefu, ujue analia. Usimgongee. Msubiri nje, akitoka mpigie stori yoyote, hata ya mvua."

Nimia kauliza kitu.

"Hapana. Hajui kama najua."

Sasa ananiita. "Dada yako huyu, anataka jibu."