Vinkubala Kumi na Moja ya Yaya Augustin

Shituru, tarehe 9 ya mwezi wa kumi na mbili, 1974

Kwako yaya wangu Augustin, kaka mukubwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kupita magunia yote ya posta ya Kinshasa. Je, uko muzima? Kifua yako bado inakohoa, ao hewa ya huko imeinyamazisha? Sisi huku Shituru, mu Likasi, tuko wazima. Georgette bibi yangu anakusalimia, batoto wanauliza staji yako ya kujifunza kazi itaisha lini, ili uwaletee viatu. Ku bahasha nimeandika jina lako ya babu, sawa serikali ya Leta inavyotaka, ya ubatizo imekatazwa. Humu ndani weye ni Augustin, maana ni mambo ya batoto ya mama moja.

Yaya, minye mudogo wako Floribert ni muntu wa bahati, uliza Shituru yote. Kuna bantu wamefanya miaka ishirini ku usine, kiwanda yetu, bila kuokota hata musumari. Minye, asubuhi moja tu ya mwezi wa kumi, nimesimama mbele ya karto yako, ile sanduku ya viwavi uliyoniachia, na kikombe ya chai mu mukono, na kipepeo ya usiku ikatoka mu udongo, ikapanda ku kijiti, ikafungua mabawa polepole sawa muntu anayetandika shuka mupya. Aparei yako ya foto ilikuwa ku shingo. Klak. Nilikuandikia hivyo siku ile, na leo narudilia, maana bahati kama hii hata yule mutawa Frère Symphorien na miwani yake yote hajaipata.

Lakini leo nimekamata kalamu juu ya Mama.

Siku ya Mungu, kisha ya misa, nilienda kumuona kwake Kakanda. Ile foto niliyokutumia, na weye ukamutumia, ameitundika ku ukuta, karibu na Bikira Maria. Majirani wanaitwa kuiangalia. Unakumbuka tulipokuwa wadogo, akikaanga ile vinkubala, viwavi nyeusi yenye madoa mekundu, alikuwa anasema anakula mutoto bila kumujua muzazi, na siku moja muzazi atakuja kupiga hodi. Minye nilicheka, nikaomba nyingine. Weye haukusahau. Juu ya neno ile moja ulienda kwa Frère Symphorien ku masomo, ukajifunza kupiga foto, ukajifunza kuandika kila kiwavi na muti wake, na usingizi wake, na kipepeo inayotoka. Miaka kumi, yaya. Zile zingine zote ulizipatia wazazi wao, ikabaki hii moja ya Mama.

Sasa akitaka kukaanga, anageukia kwanza foto. Nilimusikia na masikio yangu: “Mama mwenzangu, unisamehe. Batoto yako ni watamu.” Akacheka mpaka akashika mulango. Minye pia nilicheka, lakini niliaga bila kula.

Nikirudi nilipita kwa Frère. Alinionyesha kitabu yake ya vipepeo na viwavi vya Likasi, karibu imekwisha. Ukurasa yako iko mu katikati, jina lako iko chini, na kisha ya Noeli kitabu inaenda ku mashine ya kuchapa. Akaniambia tena ile sheria yake, kama kiwavi haukuilisha na mukono wako na kipepeo haukuiona ikitoka na macho yako, usiandike jina, maana vipepeo vinafanana na bantu wanadanganyika. Kisha akaniuliza mabawa ilikauka kwa saa ngapi. Nilijibu saa mbili, na sauti ya waziri. Akaandika.

Yaya, aliandika.

Tangu siku ile kila nikifumba macho naona kalamu yake inatembea. Basi nakuambia. Ile kipepeo ya foto haikutoka mu karto yako. Niliitoa ku ukuta ya usine, chini ya taa kubwa, pale vipepeo vya usiku vinabakia asubuhi mpaka mufagiaji anavikusanya na vumbi. Nilichagua yenye kupita zote kwa unene, nikaibandika ku kijiti. Labda ni muzazi, labda si yeye. Sijui, na hakuna muntu anayejua.

Na vinkubala vyako? Ulipoenda Kinshasa mu mwezi wa tatu uliniachia kumi na moja, na aparei, na udongo ya kulalia. Siku sita niliwalisha vizuri, nakuapia. Majani mabichi asubuhi na jioni. Niliwapa hata majina ya wakubwa wetu wa kazi, na ile yenye kunenepa sana nikaiita Chef wa Personnel. Siku ya saba mama mukwe alifika kututembelea, akitoka Kolwezi. Akaona karto, majani, vinkubala vinene. Mwanamuke wa kwetu akiona vile, atafikiri nini? Nilitoka ku kazi nikakuta sahani imefunikwa, vimekaangwa na kalanga. Mukwe anaweza kurudisha sahani ya mama mukwe? Nilikula. Kisha kila mwezi uliniandikia, ukauliza kama bado wanalala, na minye nikakujibu wanalala, tena wanakoroma. Ulicheka, uliniambia. Ile kicheko yako ndiyo inanichoma kupita yote.

Ukurasa ile isiende ku mashine. Kesho nitaenda kwa Frère minye mwenyewe, nimuambie apige musitari juu ya ile saa mbili, na juu ya foto. Mama sijamuambia. Nitarudi Kakanda siku ya Mungu inayokuja, na sijui nitaanzia wapi. Kama uko na neno la kunisaidia, andika mbio. Kama hauna, andika hata matusi, nitayasoma.

Georgette amekuwekea samaki wa muto Lufira, wakavu, tutawapa muntu wa kwanza anayepanda ndege. Jikinge na baridi ya usiku, na kifua usiichezee. Mungu akulinde huko, na akurudishe kwetu hata kama ni kwa kunipiga.

Minye mudogo wako,
Floribert

Nilikwisha kufunga bahasha, nimeipasua tena. Weye ni mukubwa, unajua desturi: mama mukwe hagusi kitu ya mukwe wake bila kuuliza. Basi aliuliza. Nilikuwa nimekaa pale mu nyumba, sikukuwa ku kazi. Alimutuma Georgette aniulize kama vile vya mu karto ni mboga, kitoweo ya nyumba. Kantine, duka ya usine, haikukuwa na samaki wiki ile, na minye nilikwisha kujisifu mbele yake kama kwangu mboga haikosekani. Nikasema: “Ni mboga. Apike.”

Ile bahati ya hapo juu haikukuwa. Hakuna kitu kilitoka mu karto. Nilivikula vyote kumi na moja, yaya, na niliomba pilipili.