Filta Aliyotuletea Timoth

Mtaa wa Kizwite,
Sumbawanga.
9 Machi 2025

Mpendwa dada Bertilla,

Shikamoo dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kivulini, miguu imepungua kuvimba, na shemeji anakwenda kazini bila zile homa zake. Mnaendeleaje na joto la Lindi? Huku mvua haitupi nafasi hata ya kuanika shuka. Asubuhi bado tunavaa masweta, na ukungu unakaa mpaka watoto wameshafika shuleni.

Baba yuko Mpui, hajambo. Kikohozi kimemwachia. Juzi nilipokwenda kumwona aliomba ugali wa ulezi, akaumaliza, kisha akalalamika kwamba mboga ilikuwa kidogo. Ukisikia analalamika ujue mzima. Mahindi yake yamebeba vizuri, ila nyani wanamsumbua upande wa mtoni.

Nimeona nikuandikie maana simu zimetuharibia. Mara ya mwisho ulilia, nami nikalia, mtandao ukakata, tukaachana kila mmoja ana nusu ya habari. Sista mmoja wa parokia yetu anasafiri kuja huko, nimemkabidhi bahasha hii. Nakuomba uisome yote kabla hujamwambia Timoth apande basi arudi kwako.

Dada, hukukosea kumleta mwanao kwetu. Tangu afungue kile kibanda cha spea pale karibu na stendi, alikuwa akirudi nyumbani ananuka grisi na anacheka. Madereva walimpenda. Mume wangu Adolfu ndiye aliyekuwa akimsifia kuliko wote. Kila alipotaka kumwaga oili ya pikapu yetu alikuwa anasema, "Ngoja mwanangu Timoth aniletee filta." Nani angekwenda kununua kwa mwingine wakati wa kwake anauza?

Filta yenyewe ni kikopo cha bati, unakishika kwa kiganja kimoja. Kazi yake ni kuchuja oili ili uchafu usiingie kwenye injini. Mimi nilikuwa siijui hata sura. Sasa nikifumba macho naiona.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Adolfu alijiandaa kushuka bondeni kufuata mpunga Kaoze. Timoth akaleta filta mpya, akampa kwa mikono miwili, fundi akaifunga. Nami nikapanda gari nikamwone wifi yangu Fransiska, mdogo wake Adolfu, yule mwembamba aliyekuchezea kwenye harusi yetu mpaka ukamfunga kanga. Alikuwa na mimba ya kwanza baada ya kungoja miaka mingi, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Tulimkuta ameshashikwa na uchungu. Alilala nao kwenye zahanati, na kulipopambazuka muuguzi akasema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe mjini haraka. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshapanda mlima kwenda mjini na mgonjwa mwingine. Adolfu akashusha magunia, tukatandika godoro, tukafunga turubai juu. Mimi nikakaa nyuma na Fransiska, kichwa chake mapajani mwangu. Mumewe Kasmir akakaa mbele. Fransiska alinitania njiani kwamba nimenenepa, mapaja yangu ni mto mzuri. Alikuwa na nguvu bado, dada. Nataka ulijue hilo.

Tulipokuwa katikati ya ule mlima wa kutoka bondeni, pale penye kona juu ya kona, gari likasimama. Nikachungulia. Adolfu alikuwa amelala chini ya gari kwenye matope, na nyuma yetu barabara nzima ilikuwa na mstari mweusi wa oili, mvua inausambaza.

"Mbona umesimama?" Kasmir akauliza.

"Taa ya oili imewaka. Mpira wa filta umeachia, oili yote imemwagika. Nikiwasha tena, injini inanoki, inakufa kabisa."

"Inoki, shemeji. Mke wangu je?"

Adolfu alikuja nyuma akafunua turubai, akamtazama mdogo wake, kisha akanitazama mimi. Unajua gari lile ndilo linalotulisha. Nikamwambia, "Endesha." Akapanda, akawasha.

Lilikwenda kona moja, na ya pili hatukuimaliza. Kulisikika mgongano wa vyuma ambao bado naamka nao, halafu kimya. Adolfu akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Kasmir alikuwa ameshashuka, anakimbia kupanda mlima kwa miguu, sijui alitaka kufika wapi.

Tulikaa pale. Fransiska aliacha kunitania. Baadaye aliacha hata kuugulia, akawa ananibana vidole tu. Lori la mpunga lilipotokea chini tulimpandisha kwenye kichwa cha lori, dereva akajitahidi kadiri alivyoweza. Hospitali wakampasua mara tulipofika. Alikuwa mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi, na alikuwa ameshafariki. Daktari hakusema kwamba tungewahi angepona. Hakusema pia kwamba asingepona. Hapo ndipo tulipo mpaka leo, katikati ya maneno hayo mawili.

Tulimzika Kaoze. Fransiska hakuweza kuja, alikuwa bado kitandani mjini. Tuliporudi, Adolfu aliifungua ile filta, akaja nayo nyumbani, akaiweka mezani wakati tunakula. Timoth aliitazama, akaacha tonge, akatoka.

Kesho yake alifika na msumeno wa chuma. Alikata ile filta, na nyingine iliyotoka boksi lilelile, kisha akakata moja ya duka la watu aliyoinunua ili alinganishe. Aliniita nione. Ya watu ilikuwa na karatasi nyingi zilizokunjwa zikashikamana, na mpira wake laini kama sikio. Za kwake zilikuwa na karatasi chache, gundi imeachia, na mpira mkavu. Alipoukunja kidogo ulikatika mkononi.

Dada, hapa ndipo simu ilipokatika siku ile, na huenda ndiyo sehemu utakayoichukia. Nilimuuliza, "Ulijua?" Akanijibu, "Nilihisi, mama mdogo. Nilipoishika niliona ni nyepesi. Yule bwana wa Kasesya aliyeniuzia alinihakikishia ni nzima, zimetoka ng'ambo ya mpaka, na mimi nikataka kumwamini." Bwana huyo simu yake haipatikani tena. Timoth ameshakwenda mwenyewe kutoa taarifa polisi, wamemwandika, wamemwambia asubiri.

Ulisikia kwa watu kwamba tumemfukuza. Si kweli. Anakula kwetu, analala kwetu. Ila Adolfu aliacha kumwitikia. Mtoto anasema shikamoo baba mdogo, na mwenzake anaendelea kufunga viatu. Mimi nimekaa katikati yao, mmoja ni mume wangu anayemlilia mdogo wake, mwingine ni mtoto wa tumbo la dada yangu. Nikimpakulia Timoth nyama naona Adolfu ananitazama. Nikimpakulia Adolfu naona Timoth ameinama. Kuna siku nilikula jikoni kwa kusimama.

Mwezi uliopita Adolfu alipata injini iliyotumika, fundi akaifunga. Ikabaki filta. Asubuhi hiyo Adolfu akasimama mlangoni kwa Timoth akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha tangu mazishi, "Vaa. Unakwenda kunichagulia."

Nilifuatana nao kwa hofu ya yatakayotokea. Tuliingia kwenye duka la mzee Evaristi, ambaye Timoth alikuwa akimnyang'anya wateja. Timoth alitaja namba ya injini, akaletewa filta. Akaigeuza, akachungulia matundu, akabonyeza mpira kwa kucha, akaipima na ya zamani kama nyuzi za kufungia zinalingana. Akairudisha. Akaletewa nyingine, akairudisha pia. Mzee Evaristi akakasirika, akauliza, "Kijana, unataka kuoa au unataka filta?" Hakuna aliyecheka. Ya tatu aliishika kwa muda mrefu mpaka nikaona aibu mbele ya wateja. Kisha akamgeukia Adolfu.

"Hii, baba mdogo. Lakini naomba tuifunge tuiwashe, tukae nayo hapa kwanza."

Walikaa nayo. Gari liliunguruma pale nje ya duka, Timoth amelala chini yake kwenye tope anaangalia kama kuna tone. Halikuwepo. Adolfu akazima gari akasema, "Kesho tunakwenda Kaoze. Utamwambia mwenyewe."

Tulimkuta Fransiska uani anapepeta mchele, amekonda, kanga imemzidi. Kasmir alikuwa ananoa jembe. Nilikuwa nimejiambia nitazungumza kwanza, nilainishe mambo, lakini mwanao hakuningoja. Alichuchumaa mbele yake.

"Shangazi, filta iliyoachia siku ile niliileta mimi. Niliiona ni nyepesi, nikaileta hivyohivyo."

Kasmir aliinuka na jembe. Alisimama kidogo, akaliweka begani, akaelekea majarubani kwenye mpunga bila kuaga, wala hakurudi mpaka tumeondoka. Fransiska aliendelea kupepeta. Nikadhani hakusikia.

"Zilizobaki ziko wapi?" akauliza baadaye.

"Nimezikata zote."

"Na zilizouzwa?"

Timoth akaokota punje ya mchele iliyoanguka.

"Waliozinunua wanajua?"

"Hapana, shangazi."

Fransiska akaweka ungo chini. "Basi kwangu umefuata nini? Mimi wangu nimeshamzika. Nenda kwa wale ambao bado wanasafiri."

Hakumfukuza, na hakumsamehe. Aliingia ndani, akatutolea maji ya kunywa, Timoth naye akapewa kikombe chake.

Tangu siku hiyo, dada, Timoth hajafungua kibanda. Anatafuta watu. Hakuwa akiandikia risiti, kwa hiyo anakwenda kwa kukumbuka sura, na gari, na alichosema mtu siku ananunua. Anabeba filta nzuri begani, akimpata mtu anamweleza ukweli, anamfungia nyingine hapohapo. Dereva mmoja wa teksi alimkumbatia. Mwingine alimzaba kibao mbele ya watu stendi, akakipokea, akaomba afunguliwe boneti. Mwalimu mmoja wa Laela alishauza gari lake, Timoth akamfuata aliyelinunua.

Amebaki mmoja. Ni mama aliyekuja siku ya mvua na mtoto mgongoni, akasema mumewe ana gari la kubeba abiria upande wa Kasesya. Timoth hakumuuliza jina. Anachokumbuka ni kwamba yule mtoto aliishika filta na kulilamba boksi lake, mama akacheka. Ameshakwenda Kasesya, amesimama penye foleni ya malori, ameuliza waendesha bodaboda, ameuliza wauza chipsi. Jana amerudi ameloa mpaka mifupa. Alikunywa chai, akamuuliza Adolfu gulio la Kasesya, lile soko la wiki, ni siku gani. Adolfu akamtajia siku.

Ndiyo maana nakuomba, dada yangu. Najua unataka mwanao awe karibu nawe, mbali na macho ya watu huku. Mimi ningetaka hivyo kwa wa kwangu. Lakini ukimpandisha basi sasa, atafika Lindi mwili tu. Nimemsikia akiota, anamwita yule mama bila jina, anasema "mama, mama wewe," nami nadhani anakuota wewe, kumbe sivyo. Ukimpigia, usimuulize atarudi lini. Muulize kama amempata.

Kuhusu mimi na Adolfu usihofu sana. Hatujagombana, tumechoka. Kwaresima hii tunasali njia ya msalaba pamoja, hata kama hatukai benchi moja.

Nisalimie sana shemeji, na mwambie ile dawa ya magoti Baba ameipenda. Msalimie Winifrida, mwambie mama yake mdogo anaombea mitihani yake. Salamu kutoka kwa Baba, na kutoka kwa Adolfu, ambaye ameniona naandika akasema tu, "Msalimie dada." Timoth hajui kama nimekuandikia. Yuko njiani tena leo, na mvua inanyesha.

Mungu awatunze huko pwani, akuponye miguu. Na kama ana nafasi ya dua moja zaidi, amfikishe mwanao kwenye nyumba ya yule mama kabla gari lao halijaanza mlima wowote.

Mdogo wako akupendaye,

Luciana